Ukakasi wa Siku ya Tisa

Shirakura Tomoe alikuwa na miaka hamsini na sita, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliitumia kuwapaka rangi watu wengine. Si watu wa nyama na damu, la, watu wa filamu za katuni. Mchoraji akimaliza kumchora msichana anayekimbia, msichana huyo hana rangi wala kivuli, yuko kama karatasi ya mtihani ambayo haijajibiwa. Tomoe ndiye aliyesema shavu liwe hivi, nywele ziwe vile, na kivuli cha shingoni saa kumi na moja jioni kisiwe cheusi hata kidogo, maana kivuli cheusi ni cha wavivu.

Studio yao ilikuwa Ogikubo, juu ya duka la miwani. Meza ya rangi ilikuwa ya wawili, yeye na Nagumo Ritsuko. Waliingia kazini mwezi mmoja, enzi za brashi na vipande vya plastiki angavu, na kompyuta zilipokuja walizilaani kwa sauti moja. Ritsuko alikuwa na mdomo, Tomoe alikuwa na macho. Kwa hiyo Ritsuko aliingia vikaoni kuongea na waongozaji, Tomoe akabaki na daftari lake.

"Wewe na wakubwa wapi na wapi, Tomo-chan?" Ritsuko alikuwa akimwambia. "Ukiwatazama tu wanadhani unawatukana."

"Mara nyingi huwa nawatukana kweli."

Wakacheka. Tomo-chan ni jina la kudekezana, la watoto waliokua pamoja, na pale studio hakuna mwingine aliyethubutu kumwita hivyo. Wote walimwita Shirakura-san, kwa jina la ukoo na heshima yake, na kupita mbali.

Kompyuta huijua rangi kwa namba, lakini Tomoe alizipa zake majina. Daftarini mlikuwa na "maji ya kwanza ya mchele", mlikuwa na "goti la mtoto mwezi wa Januari", mlikuwa na "chai iliyosahauliwa". Na mlikuwa na "siku ya tisa", aliyoitafuta miaka mingi kabla hajaipata. Mama yake, kule Kaminoyama, kila Novemba humenya kaki, matunda ya umbo la nyanya yenye ukakasi mkali, akazifunga kwenye kamba na kuzitundika chini ya upenu. Siku ya tisa tunda huwa limekauka nje kama ngozi ya kiatu chepesi, na ndani mna maji bado. Jua la jioni likipita humo, hutoka rangi ambayo si chungwa wala si kahawia. Tomoe aliipata kwenye filamu ya msichana wa gati la chumvi, akampaka nayo uso mzima, dakika nne za machweo. Watu walitoka sinema wakifuta macho wasijue kilichowaliza.

Filamu hiyo ndiyo iliyomtoa mama yake nyumbani, na miaka yake themanini na tatu. Alikaa kitini mpaka majina yakaisha yote, kisha akasema, "Lile siyo jina nililokupa."

Kweli. Sauti "Tomoe" huandikwa kwa herufi za namna nyingi, na kila herufi ina maana yake. Yake ni moja tu, ya zamani, umbo la maji yanayozunguka. Kwenye filamu waliandika mbili, ya kwanza ikiwa ile ya "rafiki". Tena aliwekwa chini kabisa, kwenye wasaidizi.

"Wachapaji hao!" Ritsuko alifoka alipoambiwa. "Vidole vyao na macho yao havijuani. Usijali, Tomo-chan. Filamu imependekezwa kwenye tuzo za mwaka, tuzo ya rangi. Huko jina lako litaandikwa vizuri, kwa dhahabu, mama akalitundike ukutani."

Tomoe hakuwa mtu wa kutaka makuu. Hilo moja alilitaka. Jina lake, herufi yake, mara moja, mahali ambapo mama yake angeliona kabla macho hayajafunga ukungu.

Mwezi Julai Ritsuko alimletea karatasi. "Gonga muhuri hapa, ni likizo. Na hapa, ni hiyo hiyo." Pale studio muhuri wa jina, ambao ndio saini yao, hugongwa kama watu wanavyopiga chafya. Tomoe aligonga mara mbili bila kuondoa macho kwenye skrini. Shirakura, Shirakura, nyekundu, safi.

*

Usiku wa tuzo alivaa kimono cha kijivu cha harusi ya mdogo wake, akakaa safu ya tisa. Walipotaja tuzo ya rangi, walitaja filamu yao, halafu wakataja jina. Moja.

Nagumo Ritsuko alipanda jukwaani kwa nguo ya kijani ambayo Tomoe ndiye aliyemchagulia. Mwenye shughuli akamuuliza, "Ile rangi ya machweo, ambayo nchi nzima inaizungumzia, ilitoka wapi?"

"Naiita siku ya tisa," akasema Ritsuko, na sauti ikamtetemeka vizuri. "Mama yangu alikuwa akianika kaki chini ya upenu. Siku ya tisa alituita sisi watoto, tukaziangua, tukala. Rangi ile ni utoto wangu." Ukumbi ukapiga makofi. "Nawashukuru pia wasaidizi wangu."

Mama yake Ritsuko alikuwa kinyozi wa Kamata. Chini ya upenu wake palianikwa taulo.

Tomoe alikaa mikono mapajani. Kuibiwa rangi, hilo angelimeza, rangi ni ya ulimwengu. Lakini mtu akuibie mama? Mama yako mwenyewe, na vidole vyake vyenye utomvu, amvae yeye, apande naye jukwaani!

Kwenye vinywaji alimfuata. Ritsuko alikuwa amezungukwa na watu, akamwona, akasema, "Aa, huyu ni Shirakura-san. Msaidizi wangu."

Shirakura-san. Miaka thelathini na minne, na leo ndiyo akawa Shirakura-san.

Alimvuta pembeni. "Ritsu, umefanya nini?"

"Usininunie mbele za watu. Fomu ilitaka mtu mmoja. Ningeandika wawili tungekosa wote."

"Na mimi nikawa nani humo?"

"Msaidizi. Ulikubali mwenyewe, muhuri wako upo."

"Niligonga likizo!"

"Ya juu likizo," Ritsuko alisema, akitazama glasi yake. "Ungesoma."

*

Asubuhi mama yake alipiga simu.

"Nimeona televisheni. Huyo mama yake Ritsuko alianika kaki wapi, kwenye kiti cha kunyolea?"

"Mama, acha."

"Siachi. Eti siku ya tisa wakala. Wakala! Mbona ulimi umebaki kinywani?" Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Na jina lako?"

"Halikutajwa."

Jambo ambalo kila mtoto wa Kaminoyama analijua ni kwamba kaki ya siku ya tisa hailiwi. Huminywa. Unaishika kiganjani na kuikanda polepole, moja moja, nyama ilainike na utamu uje wenyewe wiki za mbele. Tomoe alimsimulia Ritsuko hayo kila Desemba akimpelekea zilizokwisha kuiva. Ritsuko alikuwa akila, na masikio yakisikia nusu.

Siku mbili baadaye Ritsuko alikuja mezani na tabasamu la mtu anayekanyaga barafu. "Mwandishi wa gazeti anakuja Alhamisi. Anataka picha nikiwa na kaki. Mwambie mama atume kamba moja."

"Za siku ya tisa?"

"Siku ya tisa kabisa. Picha iwe ya kweli."

"Sawa," alisema Tomoe. "Iwe ya kweli."

Mama yake aliuliza ni za nini. Alipoambiwa ni za Ritsuko kula, alicheka mpaka akakohoa, akaziangua siku ya nane, zikafika siku ya tisa.

*

Mwandishi aliitwa Bi. Ezaki, mwanamke mfupi mwenye kalamu mbili nyweleni. Ritsuko alisimama dirishani, tuzo mkono huu, kamba ya kaki mkono ule.

"Ng'ata moja," alisema Bi. Ezaki, kamera tayari. "Kama utotoni."

Ritsuko aling'ata, tena kwa meno yote.

Aliyewahi kuuma bibo bichi au ndizi mbichi haelezwi. Ukakasi ulimshika ulimi, ukapanda kwenye fizi, ukamvuta mashavu kwa ndani kama mfuko unaofungwa kamba. Macho yalimtoka. Alitaka kumeza, koo likakataa.

Bi. Ezaki alishusha kamera taratibu. "Bibi yangu ni wa Fukushima," alisema. "Sisi siku ya tisa hatuli. Tunafanya nini, Nagumo-san?"

Ritsuko alitikisa kichwa, mkono mdomoni.

"Huminywa," alisema Tomoe kutoka mezani.

Mwandishi aligeuka. Aliliona daftari lililofunuliwa, na vile vipande vya rangi na majina yake. Alisoma ukurasa mzima bila kuuliza. "Samahani, dada, wewe unaitwa nani? Jina kamili."

Tomoe alimtazama Ritsuko. Hata hapo, hata baada ya yote, alimwachia mlango wazi. "Muulize mwenzangu. Mdomo umefungwa lakini mkono unafanya kazi. Niandikie jina langu, Ritsu. Kila mwaka mpya umepata kadi yangu, kadi thelathini na nne, na jina nimeliandika kwa brashi."

Ritsuko alichukua kalamu. Shirakura aliandika haraka, Shirakura huwa kwenye muhuri. Kisha kalamu ikasimama hewani. Ilisimama muda mrefu, mpaka Bi. Ezaki akaangalia pembeni kwa haya. Mwishowe Ritsuko akaandika herufi mbili, na ya kwanza ilikuwa ya "rafiki".

Ile ile ya kwenye filamu. Wachapaji hawakuwa wamekosea kitu, waliandika walichopewa.

"Siyo," alisema Tomoe. "Jina langu halina rafiki ndani yake."

"Tomo-chan," Ritsuko alijaribu, ulimi ukiwa mzito kama gunzi.

"Shirakura-san."

Tomoe alikata jina lile kwa mstari mmoja, akaandika lake pembeni, herufi moja, maji yanayozunguka. Kama gazeti lingelichapa au lisingelichapa, hilo aliliacha kwa Bi. Ezaki. Tuzo ilibaki mkononi mwa aliyeishika.

Kisha aliketi, akatandika gazeti kuukuu mezani, akaivuta kamba kwake, akaanza kuziminya kaki moja moja, maana siku yake ilikuwa ndiyo hiyo na tunda halina kosa. Ile iliyong'atwa alimwachia mwenyewe.