Kapu Linalopumua

Usiku ule Evarista hakulala. Lori la kiwanda lilikwama kwenye tope, na majani ya chai ya kikundi chao cha Igowole yakalazwa bandani, ndani ya makapu kumi na mawili aliyoyasuka yeye. Yakiamka mekundu kwa joto, kikundi kitarudia viroba vya plastiki, naye atabaki kusuka makapu ya kutundika ukutani.

"Mama, lala basi," binti yake Pendo alimwambia. "Majani hayapoi kwa wewe kukodoa macho."

"Lala wewe. Mimi nayasikiliza."

"Kutoka huku?" Pendo akacheka, akajifunika blanketi.

Evarista alifundishwa kusuka na mama yake, na kwao kapu lilipimwa kwa ulezi: unamimina, unatikisa, ikidondoka punje moja unafumua. Kwa hiyo mwaka jana, alipoombwa kapu la kuchumia chai, aliibana kabisa milulu, zile nyasi za kusukia, akalipamba kwa maua ya zambarau kila upande. Watu walilisifu sana. Jioni majani yalitoka yakifuka mvuke, yamenywea kama mchicha wa jikoni. Philbert, katibu wa kikundi, akamwambia mbele za watu, "Mama Pendo, umetuletea sufuria."

Hakununa. Alishinda shambani siku tatu akiwatazama wachumaji: mkanda unakata bega wapi, mkono unatupaje, joto linaanzia wapi. Lilianzia chini, katikati. Akasuka upya, akaacha matundu ubavuni. Lakini matundu yaliyokaa ovyo yalimkera, yalionekana kama kazi ya mtu mvivu. Akayapanga manne manne, yakawa maua. Rangi akaiacha ukingoni tu, isije ikachuja kwenye majani yenye umande.

Kulipopambazuka yeye na Pendo walishuka bandani. Philbert alikuwa amesimama na ufunguo, koti amelifunga hadi kidevuni.

"Kamwene, Mama Pendo. Umekuja kuzika?"

"Kamwene. Nimekuja kuona. Fungua."

"Huogopi?"

Evarista alikaza kitenge kiunoni. "Naogopa. Ila nilichosuka nakijua."

Kufuli liligoma, kisha likakubali. Mlango ulipofunguka, hakuna joto lililowapiga usoni. Ilitoka harufu mbichi ya shamba. Philbert akazamisha mkono kwenye kapu la kwanza, hadi kiwiko.

"Ya baridi," alisema, akasogea kando Evarista apite.