Chemli na Karabai

Miaka ile biashara huria ilipofika kwetu, Masasi ilijaa redio na mitumba, na kila mwenye cheti akafungua masomo ya ziada. Mimi nilifungua yangu Newala. Nilifundisha fizikia alasiri, na wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watu wazima waliojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mnyambe, mama wa watoto watatu. Alitaka kufaulu fizikia ili akasomee ualimu wa sekondari.

Siku moja nikawaeleza jinsi wanasayansi wanavyoupima ulimwengu. Niliwaambia wanyooshe kidole gumba, wafumbe jicho moja, kisha lingine, waone kinavyoruka. Nyota za karibu nazo huonekana kuhama kidogo dunia inapokuwa upande huu wa jua na, baada ya miezi sita, upande wa pili. Za mbali, nikasema, hupimwa kwa mwanga wake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Yule mama akanyoosha mkono. "Mwalimu, taa hafifu ya chemli ya jirani na karabai kali ya ng'ambo ya bonde zinaweza kuonekana sawa. Hao wanajuaje ipi ni ipi?"

Sikujua. Kusema hivyo kungenipunguzia nini? Lakini mimi Myao, yeye Mmakonde, na watani hutupiana maneno hata msibani bila mtu kununa. Nikajificha humo. Nikamwambia, "Nyie Wamakonde, hata kushuka kuteka maji bondeni kunawatoa jasho, leo mnataka kufika kwenye nyota?"

Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, maana ndivyo mila inavyotaka, akakaa. Wiki iliyofuata hakuja, wala hakurudi tena.

Mwaka uliofuata nilinunua kitabu kikuukuu sokoni Masasi. Swali lake lilikuwamo. Wataalamu wenyewe walikwama hapo hapo kwa muda mrefu, mpaka mwanamke mmoja alipotambua kwamba zipo nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na kadiri zamu inavyochukua siku nyingi ndivyo nyota yenyewe ilivyo na mwanga mkali. Hesabu siku, utajua ni karabai. Ikionekana hafifu, basi iko mbali. Kwa njia hiyo walivuka hadi kwenye galaksi nyingine. Nilisoma huku masikio yakinichoma kwa aibu.

Nikapanda kutoka Masasi hadi Mnyambe na kitabu mkobani. Nilimkuta akianika mihogo. Tulipokwisha kujuliana hali, nikaanza kumwomba radhi.

"Utani hauombewi radhi, Mwalimu," alisema. "Ila niambie, siku ile jibu ulikuwa unalijua?"

Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima ili niseme hapana. Nikasema, "Nilikuwa nalijua."

Akageuza kipande cha muhogo. "Nilijua tu lilikuwa swali la kitoto. Nilifanya vyema kuiacha fizikia."

Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.