Magadi ya Githeri

Baba alitutoka mwezi wa Agosti, nikiwa darasa la nne. Juzi sokoni Runyenjes nilimwona mwanamke akiuza mabonge ya magadi, nikasimama kuyatazama.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia baba kwamba moyo wake umechoka, aache chumvi, atembee kidogo kila alasiri. Mama akauficha mkebe wa chumvi darini, akaenda kuchuma majani chai, akaniachia sufuria. Baba alitafuna githeri yangu, mahindi na maharagwe yasiyo na chumvi, akiangalia mlango. Nikamhurumia. Magadi hakuna aliyeyakataza, na kwetu kila mtu huyatia ili maharagwe yaive upesi. Kijiko kimoja nikakifanya viwili, kisha vitatu. Baba akaanza kukomba sahani.

“Mama, leo umepika!” alisema. Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake.

Sasa najua kwamba kwa moyo mgonjwa, magadi na chumvi ni ndugu. Siku zile niliona miguu yake ikijaa, nikafikiri ananenepa kwa upishi wangu.

Alasiri moja nilipiga magoti nimvalishe viatu tukatembee. Havikuingia.

“Baba, umekuwa mnono kama chifu!”

“Si ni wewe unaninenepesha?”

Tukacheka. Yeye aliacha kwanza, akashika kiti, akavuta pumzi kinywa wazi. Kisha akasema tutatembea kesho.

Nikavipaka viatu rangi, nikaviweka karibu na kitanda chake.