Bomba Lisilo na Skrubu

Bwana Kuramochi wa mji wa Yokote, Japani, aliendesha treni hadi alipostaafu, na hakuwahi kugonga hata paka. Anasema ni kwa sababu ya desturi ya reli: kila jambo unalinyooshea kidole na kulitamka kwa sauti. Yeye amestaafu; kidole bado kiko kazini. Kila asubuhi hukinyooshea chungu na kutangaza, "Wali, umeiva!" na mkewe, Bi Sadae, hufarijika kuarifiwa alichokipika mwenyewe.

Majuzi bomba la jikoni lilianza kudondosha maji. Binti yao, Chinami, ambaye siku nyingi anawataka wahamie kwake Sendai, aliyasikia matone kwenye simu.

"Baba, nyumba hiyo imeshawashinda."

"Siku bomba litakaponishinda, nitafunga mizigo mwenyewe."

"Haya. Nakuja Jumapili kulisikiliza."

Hivyo ndivyo mzee alivyoiweka nyumba ya marehemu baba yake dhamana ya kipande cha mpira kinachozuia maji bombani.

Jumapili asubuhi akatandaza vifaa vyake. Mabomba aliyoyazoea yalikuwa na mkono wa msalaba, na skrubu juu yake, wazi kama kitovu. Hili lilikuwa na mkono mmoja mrefu, laini kama figili iliyomenywa. Akalipapasa, akalichungulia kwa chini.

"Mafundi wa siku hizi wanagandisha vitu kwa mate," akatoa hukumu.

"Labda skrubu iko chini ya hicho kidude cha rangi nyekundu na buluu," alisema Bi Sadae.

"Hilo ni pambo tu, mama Chinami."

Alihangaika mpaka chai ikapoa, kisha akalibandua pambo kwa ncha ya kisu. Skrubu ilikuwa imetulia pale pale.

"Nilikuwa naelekea huko huko," akasema.

Kabla ya kufungua, akainama, akainyooshea kidole koki kuu chini ya sinki. "Koki kuu, imefungwa!" Ilikuwa sauti safi, sauti ya stesheni. Upungufu ulikuwa mmoja tu: hakuwa ameifunga. Alipolegeza bomba, maji yakaruka hadi darini, yakamshukia mkewe.

"Iambie tena, baba Chinami," alisema Bi Sadae, nywele zikimchuruzika. "Haikukusikia."

Safari hii aliifunga kwa mkono, kimya. Lakini katika purukushani koleo lilikuwa limekwisha kuipasua sehemu ya ndani ya bomba, ikabidi koki kuu ibaki imefungwa.

Chinami aliwasili, akakanyaga dimbwi kwa soksi, akatega sikio.

"Halidondoshi maji."

"Nilikwambia," alisema baba yake.

Chinami akainua mkono wa bomba. Halikutoka hata tone. Akamgeukia mama yake. "Mama, mnahama au hamhami?"

Bi Sadae alikuwa akikamua taulo. "Nimpeleke huyu ghorofani kwako, na chini yake wanaishi watu? Wahurumie majirani zako, mwanangu."

Chinami akalitazama dari lililolowa, akavua soksi, akauliza fundi wa mtaa anaishi wapi.