Kompyuta ya Kupanda Nayo Ngazi

Mtaani walimwita Randa, kama kile chombo cha kulainishia mbao, na si kwa sababu ya useremala peke yake. Chochote kilichoweza kumkwaza binti yake, yeye alikilainisha. Tangu maradhi yalipomdhoofisha binti huyo mguu akiwa mdogo, Randa aling'oa vizingiti vya nyumba nzima, akawa anamchongea magongo mapya kila alipoongezeka kimo. Hata begi la shule alimbebea hadi mlangoni mwa darasa, watoto wakacheka mpaka wakachoka wenyewe.

Sasa binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo, chuo chenyewe mbali na nyumbani. "Kompyuta ni juu yangu," Randa alisema, kifua mbele kama jogoo.

Macho hayana pazia. Walipoingia dukani tu, aliifuata ile kubwa kuliko zote, kioo kipana kama sinia.

"Hii ndiyo kompyuta! Hizo nyingine sahani tu."

"Baba, ni nzito."

"Uzito ndio uimara. Mbao nyepesi huliwa na mchwa."

Muuzaji, mwanamke mpole, alimgeukia binti akamuuliza ataifanyia nini. Michoro mikubwa ataimalizia kwenye mashine za chuo, binti alieleza. Kompyuta yake mwenyewe ataandikia, ataanzia kazi, na atashinda nayo mgongoni kutwa. Muuzaji akatoa nyingine, nyepesi, yenye nguvu ya kutosha na betri ya kudumu.

Randa akaguna. "Mwanangu hapewi kilichopungua."

Binti akamgeukia muuzaji. "Dada, naomba unitilie ile kubwa kwenye begi."

Ikatiwa, pamoja na chaja yake nene kama tofali. Akalivaa begi, akashika magongo, akazielekea ngazi za kwenda ghorofani. Randa akaruka kumpokea.

"Hapana, baba. Kaa hapo hapo."

Akakaa. Binti alipofika katikati, begi likamvuta nyuma, gongo moja likateleza. Akajishika ukutani. Mikono ya Randa ikamning'inia kama si yake. Binti akashuka taratibu, jasho likimtoka, akaomba abadilishiwe. Na ile nyepesi akapanda mpaka akapotea machoni. Yakabaki magongo tu yakisikika huko juu, ko, ko, ko.

"Mama! Umefika?" Randa aliita.

"Nimefika, baba!"

Randa akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Huko chuoni mimi sitakuwapo," alisema, kama mtu anayeambiwa habari hiyo kwa mara ya kwanza.

"Hutakuwapo, mzee wangu," muuzaji alijibu.

"Haya. Tufungie hiyo nyepesi."

Siku ya safari, mkono wa Randa ulilifuata begi kwa mazoea. Akaurudisha, akautia mfukoni. Binti akapanda basi mwenyewe, polepole, abiria wakimsubiri.

Jioni akapiga simu. Yeye na mwenzake wa chumba walikuwa wameshaiwasha kompyuta, wanafundishana kuchora, wanachekana kwa kuta zilizopinda. Randa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula.