Makufuli Mawili, Kabati Moja

Bado nina hasira na lile kabati. Limesimama uani kwa shangazi yangu, limeota kutu, na kila nikienda kumsalimia natamani kulipiga teke.

Shangazi alikuwa na studio ya picha mjini Dodoma, kwenye safu ya maduka inayopakana na korongo. Nilikuwa namsaidia, na wateja wakipungua naandika riwaya yangu ya kwanza. Kompyuta ya studio ilikuwa imebeba sura za miaka mingi: maharusi, wahitimu, watu waliokuja kupiga pasipoti tu. Kila Jumamosi nilizinakili zote kwenye diski ndogo ya pembeni. Kisha mwizi akavunja duka la jirani, na shangazi akanunua kabati la chuma na makufuli mawili.

"Kompyuta humo, diski humo," aliagiza. "Vitu vyangu vilale pamoja, nijue viko wapi."

"Shangazi, diski si niwe naondoka nayo nyumbani?"

"Wewe? Uliyesahau mwavuli wangu saluni mara mbili?"

Nilicheka, nikaacha yapite. Kicheko kile sijakisamehe.

Ijumaa moja ya msimu wa mvua alikuja mama kutoka Mpwapwa, kijana tu, mjane. "Mume wangu alipiga picha hapa, dada, mara moja maishani mwake. Zote nne alizibandika kwenye fomu za kuombea kazi. Mtoto alikuwa bado tumboni."

Tulitafuta karibu saa nzima. Sura ilipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta, aliziba mdomo kwa khanga. Alitaka kubwa, ya ukutani, lakini karatasi kubwa zilikuwa zimekwisha. Nikataka kumchapia ndogo.

"Ndogo ya nini?" shangazi akadakia. "Aje Jumatatu achukue ya maana."

Nikamwambia mama asihofu, tunaweka nakala. Simu yangu ilikuwa mfukoni, na kamera yake. Sikuitoa.

Jumamosi nilinakili, nikafungia vyote kabatini. Jumapili, watu wakiwa ibadani, mvua ikashuka, korongo likafurika na kubomoa ukuta wetu wa nyuma. Tulilikuta kabati limesimama wima, makufuli yote mawili yamefungwa, ndani limejaa tope. Jumatatu asubuhi fundi aliifuta diski, akaichomeka. Ikakwaruza kidogo, ikanyamaza. Kompyuta hata haikukwaruza.

Mama yule akaingia, mtoto mgongoni, na fremu aliyokwisha kuinunua imefungwa kwa gazeti.

"Si ulisema mnaweka nakala?"

"Tunaweka."

"Iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye kabati.

"Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu," shangazi akasema.

Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya siku ile. "Mungu hakushika funguo, shangazi! Tulishika sisi!"

Nilipiga kelele kwa sababu flashi niliyohifadhia riwaya yangu ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu. Riwaya hiyo hiyo ilikuwa kwenye barua pepe yangu, na kwa rafiki yangu anayefanya kazi Mtumba, nje ya mji. Watu niliowabuni, wasiowahi kula wala kuugua, walikuwa salama mahali patatu. Mume wa mtu nilimweka mahali pamoja, kwa sababu nilitaniwa kuhusu mwavuli.

Mama hakulia. Alinitazama. "Wewe ulimwona Ijumaa. Mimi machozi yalinizuia. Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anataka kucheka. Amejizuia."

Akamgeukia mtoto mgongoni. "Umesikia? Baba yako alikuwa anataka kucheka." Kisha akaweka fremu mezani. "Kaa nayo, dada. Ukimpata, utamtia."

Shangazi amefungua studio nyingine, mlimani kidogo. Kila Jumamosi diski moja inabaki dukani, nyingine naondoka nayo. Mara moja kwa mwezi naichomeka nyumbani na kufungua picha chache, nione kama kweli zinafunguka. Shangazi huniambia nimezidisha. Nanyoosha kidole ukutani, ilipo ile fremu, kioo chake kisafi na nyuma yake hamna kitu.