Kanda ya Harusi Isiyokuwa na Harusi

Aibu hii nimeibeba mpaka imenichosha, basi leo naiweka chini muicheke na nyinyi: mimi, mwalimu wa Kiingereza wa skuli ya wasichana hapa Ibra, Omani, nilitumwa kwenda kumposea kaka yangu mke, nikarudi na kanda ya vidio ya watu wasio na nguo.

Miaka ile ya themanini vidio ndiyo kwanza zimeingia majumbani, na mwenzangu mmoja wa kazini aliniletea kutoka Maskati kanda ya mchezo wa Kizungu (mambo ya chumbani, nisiwafiche), visa mbalimbali, kila kisa na watu wake, na mimi siku hizo nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hata usingizi unakukataa, basi nikawa naitazama mchana watu wamelala, sauti nimeizima. Wala sikuifurahia. Kisa cha kwanza kijana anaingia kwa dirisha na mlango uko wazi, sasa hiyo haraka au ujinga? Cha pili bibi tajiri na mtunza bustani wake, wanahema tu, hadithi hakuna. Cha tatu watu wawili wanatazamana ndani ya treni, nikasema afadhali hawa, na hapo hapo nikasinzia. Cha nne sikukifikia.

Sasa kosa langu, dogo kabisa: ili mama asiione, niliitia ndani ya kasha la kanda ya harusi ya binti ami yetu wa Nizwa, na ile ya harusi yenyewe nikaichomeka chini ya nguo zangu, maana nilijua harusi ile mama ameshaitazama mpaka ameichoka. Nikalala kwa amani.

Kaka yangu Nasir alikuwa akimtaka Thuraya, binti wa Bi Rayya, na alikuwa akimtaka kweli, chakula kinampita mbele hakioni. Mama magoti yalikuwa yanamsumbua, akanituma mimi niende kwa wanawake wenzangu kutupa neno la kwanza. Nimeshavaa, nimeshafika mlangoni, ndipo akaniambia, "Na ile harusi ya Nizwa niliwapelekea jana, wapate kuona sisi watu wa namna gani."

Jamani. Njia nzima nilikwenda naomba wasiwe wameshalifungua lile kasha.

Nyumbani kwa Bi Rayya nikakuta baraza imejaa, mashoga zake, majirani, na pembeni Bibi Zuwena, mama mkwe wake, aliyekulia Unguja na Kiswahili chake hakijakatika. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kaa." Zikaletwa tende, likaletwa dele la kahawa, nikamiminiwa, na kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwenye ile kanda, finjani nikaiweka chini bila kuionja.

Baraza yote ikanigeukia.

(Sisi tulizaliwa Bujumbura, tukarudi Omani watu wazima. Mama desturi za huku alizijua, ila hakujua kwamba mimi sizijui.) Kumbe mgeni akiweka kahawa chini asiinywe, maana yake amekuja na haja kubwa, na mwenye nyumba akishamwambia kunywa, haja imekubaliwa, hairudi nyuma. Bi Rayya akanitazama kwa mapenzi, akaniambia kwa Kiarabu chake cha taratibu, "Kunywa, binti yangu. Ulilolijia umelipata. Litaje tu, hawa walisikie."

Thuraya akakimbilia nyuma ya pazia, na vicheko vyake tukavisikia. Lilikuwa limebaki jina moja tu, Nasir, basi, watu wapige vigelegele. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaliona kasha letu juu ya vidio, na mdomo ukaenda wenyewe: "Naomba kanda yetu."

"Kanda?" Bi Rayya akauliza.

"Ya harusi. Kabla hamjaitazama."

Akajibu Bibi Zuwena, kwa Kiswahili, na nusu ya wanawake mle wakikielewa, maana Ibra hii nyumba gani haina mtu aliyekaa Afrika? "Tumeshaitazama mwanangu, tena yote. Yule wa dirishani kapanda kitandani na viatu, kwao hakufunzwa? Na yule wa bustani, siku nzima hakumwagia mti hata mmoja maji, mie n'kaionea huruma ile miwaridi. Lakini wale wa treni walipendana wale, wallahi n'lilia. Wa mwisho ndo Rayya akasema haramu, zima." Akafikiri kidogo. "Tulichelewa kuzima."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na haikunimeza.

Bi Rayya hakucheka. Aliinuka, akaileta kanda imefungwa ndani ya kanga mpya, na bakuli ya halwa juu yake, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa sababu neno lake ni neno lake. Nikainywa ile kahawa, imeshapoa. Ndipo nikakumbuka nilichotumwa.

"Na kaka yangu Nasir..."

Akaichukua finjani mkononi mwangu. "Finjani moja, haja moja, binti yangu. Ungelimtaja yeye, ningelikupa mtoto wangu, na ile kanda tungeisahau. Lakini umeitazama aibu yako kwanza, ndugu yako baadaye."

Wanaume wa kwetu walikwenda baadaye kujaribu, wakajibiwa kwa adabu. Mwaka haukuisha Thuraya akaolewa mji wa Sur.

Tangu hapo nikitumwa jambo la mtu nalitaja kabla sijavua viatu, na aibu yangu naiacha ingoje nje. Nimejifunza, lakini nimejifunza kwa gharama ya mwengine, na hilo ndilo linalonichosha.

Nasir hakunigombeza. Nilimsimulia yote, mwisho akaniuliza, "Hiyo kanda yenyewe, angalau ilikuwa nzuri?"

Nikamwambia kweli, haikuwa nzuri.